R ya Ruhusa

Nyie walimu wapya mnaonipita kila asubuhi hapa Ilembo, simu mkononi na viatu vinang'aa, naomba niwaulize swali moja: mna penseli? Sisemi kalamu. Kalamu najua mnazo, mnazipata kwenye semina. Nauliza penseli, yenye ncha, ya kuandikia kitu ambacho kesho huenda ukalazimika kukifuta. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na swali hilo niliulizwa na mtu mmoja tu, tena karibu kila siku, na mara nyingi jibu langu lilikuwa la aibu. Mtu huyo tumemzika mwaka huu, mvua zikiwa zinakatika. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Maneno yangu yakiyumba mnivumilie, bado nina msiba.

Aliitwa Mwalimu Leokadia. Alikuwa Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, Mkatoliki wa kupiga magoti mpaka magoti yakaota sugu. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Mara mbili walitaka kumpa ualimu mkuu na mara mbili alikataa, akisema ofisini hakuna watoto. Penseli yake aliichomeka kwenye kilemba, juu ya sikio la kulia. Jumapili moja aliisahau humo akaenda nayo kupokea komunyo, na waumini wakacheka chinichini mpaka padri mwenyewe akashindwa kujizuia.

Mji mzima ulimfahamu kwa neno moja. Alipoita majina asubuhi hakutaka mtoto anyooshe kidole wala agune. Alitaka "nipo," kwa sauti ya kufika kwenye mlingoti wa bendera. Na aliita majina yote matatu: lako, la baba na la babu. Alisema mtoto wa miaka saba hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, na siku anapoitwa hivyo anajua kwamba naye amehesabiwa. Basi hata wanafunzi wake walipokuwa watu wazima walikutana naye sokoni, akawaita majina matatu, na jitu zima lenye mvi likashusha gunia la mchele, likasimama wima na kusema, "Nipo, mwalimu." Shikamoo ilikuja baadaye. Nimewahi kumwona askari mwenye bunduki begani akijibu hivyo, na hakuna aliyemcheka.

Mimi nilishuka Mpanda kwa treni nikitokea chuo, kijana mwembamba mwenye cheti kipya na mdomo usio na mlango. Nilijua kila kitu. Nilikuwa na andalio la somo lililopigwa mistari kwa wino mwekundu, na fimbo yangu niliichonga mwenyewe nikaipaka mafuta ya kula ili isipasuke. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Kakese, na chaki zilikuwa zinafika kwa kudra ya Mungu. Zilipokwisha mara ya kwanza nikatangaza kwamba siwezi kufundisha. Mwalimu Leokadia akanitazama, akaenda nyumbani kwake, akarudi na ungo wa makopa, yale mapande ya muhogo mkavu. Akachagua kipande kigumu, akakikwangua ncha kwa wembe, akaandika ubaoni herufi nyeupe kuliko za chaki. Na muhogo ukikosekana, alisema, kuna mkaa na ukuta uliopakwa chokaa. Mwalimu hakosi cha kuandikia, hukosa akili ya kukitafuta.

Nami nikabeba makopa yangu kwa fahari, nikayaacha mezani wakati wa mapumziko. Niliporudi watoto walikuwa wameyala yote. Njaa haijui kama hiki ni kifaa cha kufundishia. Yeye ya kwake aliyatunza kwenye kopo lenye kifuniko, na hakuniambia mapema, alitaka nijifunze kwa hasara.

Jambo jingine alilonifundisha ni herufi R. Mnajua watoto wetu: nyumbani wanasema Kisukuma, Kikonongo, Kibende, na huyo mtoto akifika shuleni kula na kura kwake ni kitu kimoja. Mimi niliwacheka, na darasa zima likacheka nami, na aliyechekwa hakufungua tena mdomo muhula mzima. Mwalimu Leokadia hakucheka. Aliwatoa nje siku ya upepo mzuri, siku ambayo mashine ya kukoboa mpunga ilisikika kutoka barabarani, akawaambia wasikilize. Halafu wakaigiza mashine, watoto themanini kwa pamoja, rrrrr, mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. "Hiyo ndiyo R," akawaambia. "R ya mashine." Akaichora mchangani. Mtoto aliyepita kwake aliweza kusahau vyote, R hakuisahau. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Sasa niwaambie juu ya daftari la mahudhurio, maana hapo ndipo lilipo jambo langu.

Kwetu zilikuwa alama tatu. Tiki kwa aliyepo, sifuri kwa mtoro, na R kwa mwenye ruhusa. Nilipenda kujaza daftari lile haraka, kwa wino, sifuri zangu zikiwa za duara safi. Yeye alijaza kwa penseli kwanza, na wino aliuweka Ijumaa. Kanuni yake ilikuwa kwamba usiandike sifuri kabla hujauliza watu watatu: anayekaa naye dawati moja, anayetembea naye njia moja, na mtu wa nyumbani kwao. Alikuwa akisema sifuri ni rahisi kuandika ndiyo maana walimu wanaipenda. Niliona anapoteza muda. Asubuhi ni fupi, nilimwambia, na mimi nina watoto tisini.

Mwaka wangu wa pili watoto wake wa darasa la kwanza walipanda kuja kwangu. Siku ya kunikabidhi alipita nami jina kwa jina. Huyu hasikii sikio moja, mweke mbele. Huyu mama yake amefariki, usimuulize habari za mama. Alipofika kwa mtoto wa kike wa Kisukuma, Kulwa Masanja Bundala, alisema, "Huyu mfundishe kila kitu mara mbili." Nikaandika pembeni: mzito.

Wazazi wake walikuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakajenga mbali, mwendo wa saa nzima. Mtoto hakukosa hata siku moja, tiki zake zilijaa mstari mzima. Lakini ajabu yake hakujua kitu cha jana. Jumatatu nafundisha kujumlisha, anaelewa vizuri kabisa. Jumanne namuuliza, ananitazama kama hajawahi kusikia. Jumatano anakumbuka ya Jumatatu lakini ya Jumanne hana. Nikasema huyu si mzito, huyu ananichezea. Nikaanza kumchapa. Mara ya kwanza moja, mara ya pili mbili. Jumanne moja nilimchapa kiganja cha kushoto mpaka ngozi ikapasuka, na hakulia, alifumba tu mkono akarudi kukaa.

Kesho yake nilimuita mbele nikamwambia afungue kiganja. Kilikuwa safi. Nikafungua cha pili, nacho safi. Wanangu, nilisimama pale na fimbo yangu yenye mafuta, na badala ya kufikiri nikakasirika. Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema Kulwa. Nikauliza tena kwa sauti kubwa. Akaanza kulia, machozi ambayo mwenzake hakuyatoa jana.

"Mimi Doto, mwalimu. Leo zamu yangu."

Hebu fikirieni upumbavu wangu. Hakuna Kulwa bila Doto, ndiyo majina ya mapacha. Jina lenyewe lilinipigia kelele kila asubuhi nilipoliita, na mimi nikawa naweka tiki tu. Baba yao alikuwa ameandikisha mmoja, mwingine achunge ng'ombe, na wale watoto wakaona si haki, wakagawana wao wenyewe: leo wewe ng'ombe, kesho mimi shule, jioni mwenye zamu anamsimulia mwenzake. Sare ilikuwa moja. Jina lilikuwa moja. Doto alisoma mwaka na nusu akiitikia "nipo" kwa jina la ndugu yake.

Kama ningekaa chini nikashangaa, nikasema watoto hawa ni hodari kuliko mimi, leo nisingekuwa na cha kuandika. Badala yake nilimshika mkono nikamburuta ofisini, nikatangaza udanganyifu. Nilidhani nitasifiwa, na kweli nilisifiwa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa barua, akamwandikia mtendaji wa kata, na baba akaitwa. Mzee Masanja alikuja akaweka fimbo yake ya kuchungia nje ya mlango, akaketi ukingoni mwa kiti. Akaambiwa aandikishe watoto wote wawili ndani ya juma moja au ashtakiwe kwenye baraza la kata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mmoja wenu, mmoja wangu," akasema. "Mimi nilifikiri ndivyo tulivyogawana."

Akaondoka. Siku ya nne Kulwa alikuja peke yake. Kesho yake akaja Kulwa, na keshokutwa Kulwa. Doto alikuwa amepelekwa na kundi la ng'ombe kwa baba yake mdogo, huko mbele ya Kasekese, ili asiwepo wa kuandikishwa.

Mwalimu Leokadia hakunisemesha juma zima. Kisha nikamkuta chumba cha walimu anachonga penseli kwa wembe.

"Nilikwambia umfundishe mara mbili," akasema bila kuinua macho.

Nikajitetea kwamba nilidhani mtoto ni mzito wa kuelewa, na kwamba yeye alipaswa kuniambia wazi.

"Ningekwambia wazi ungeenda kusema. Sikukwambia, na umekwenda kusema vilevile."

Ndipo akanieleza. Aliwajua tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu mmoja aliandika kwa kushoto na mwingine kwa kulia, na mtoto habadilishi mkono kila kukicha. Alinyamaza, akawafundisha wote wawili. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akienda kwao kwa baiskeli, anamwamkia mama yao, "Mwangaluka, mayu," anakunywa maziwa, anazungumza habari za mvua, anaondoka. Alikuwa haharakishi. Na mzee Masanja alikuwa ameshamwahidi: mavuno yakiisha angekuja mtoto wa ndugu yake kuchunga, na Doto angeandikishwa kwa jina lake. Ilibaki miezi miwili.

Mwalimu Leokadia alikwenda Kasekese kumtafuta Doto mara mbili kwa baiskeli ile, enzi hizo barabara ilikuwa mchanga na mashimo. Mara ya kwanza aliambiwa ng'ombe wamehama. Mara ya pili alirudi na homa. Baada ya hapo hakulitaja tena, miaka yote tuliyokaa pamoja. Angenitukana ningepata nafuu. Alichofanya ni kuniuliza kila asubuhi, kwa upole, "Mwalimu Fidelis, una penseli?"

Msidhani niliacha fimbo siku ile. Wazee wanapenda kusimulia kwamba kosa moja liliwageuza. Mimi ilinichukua miaka. Niliipunguza, nikaificha, nikaichukua tena nikiwa na hasira, na ile ya mafuta niliivunja mwenyewe siku nilipogundua kwamba watoto wangu wa nyumbani nao wananikimbia. Lakini kuuliza watu watatu nilianza mwaka uleule, na sikuacha mpaka nilipostaafu.

Mwaka huu presha ilimwangusha akiwa anamwagilia mchicha wake. Hakuolewa na hakuwa na mtoto. Mpwa wake Agripina aliniomba niandike wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Mnajua wasifu unavyoandikwa: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha. Nilipofika kwenye "ameacha" nikaandika kwamba marehemu hakujaaliwa kupata mtoto. Kisha Agripina akaniletea sanduku la bati nitafute vyeti na tarehe zake.

Chini ya vyeti kulikuwa na kaunta buku la jalada gumu. Nikalifungua nikidhani ni la maandalio. Lilikuwa daftari la mahudhurio, la penseli tupu, la watoto ambao hawakuwa kwenye daftari lolote la serikali. Mtoto asiyetembea aliyesomea mlangoni. Mtoto wa wakimbizi aliyekuja bila karatasi. Binti aliyekatazwa na baba yake akawa anapita dirishani na ndoo kichwani, akisimama kwa muda wa somo moja. Wote kwa majina matatu. Na katikati, ukurasa mzima: Doto Masanja Bundala.

Mwaka wa kwanza: tiki, R, tiki, R, siku moja moja. Siku alizokuwa kwa ng'ombe hakuwa mtoro. Alikuwa na ruhusa. Mwaka wa pili vilevile mpaka katikati, mpaka ile Jumatano yangu, ambayo ina tiki. Baada ya hapo ni R. Nikafungua ukurasa wa pili, R. Wa tatu, R. Kwa kila siku ya shule, mwalimu yule alikaa akamwandikia mtoto aliyepotea alama ya ruhusa, mpaka mwezi ambao wenzake walimaliza darasa la saba. Nilikaa sakafuni kwa Agripina, mtu mzima na wajukuu wangu, nikalia mpaka wanawake waliokuwa wanapika nje wakaja kuchungulia.

Ule mstari wa kutojaaliwa mtoto nilitaka kuufuta. Ulikuwa kwa wino, nikaukata. Siku ya mazishi nilisoma kuzaliwa kwake, masomo na kazi, halafu nikasema kwamba ameacha watoto wafuatao, nikafungua kaunta buku nikaanza kuita. Watu wakashangaa kidogo. Kisha huko nyuma sauti ya mwanamume ikasema, "Nipo, mwalimu." Nikaita mwingine. "Nipo." Wengine kimya, nikasubiri kama alivyokuwa akisubiri yeye. Nikafika kwa Doto Masanja Bundala.

Akasimama mama mmoja katikati ya wauguzi waliokuja na kanga za sare. Nilimfahamu, alikuwa Kulwa, muuguzi wa zahanati, naye sasa anakaribia kustaafu. Jina la ndugu yake hakuliitikia.

"Ana ruhusa, mwalimu," akasema.

Sikuweza kuendelea. Katekista alinipokea daftari akamalizia majina.

Baada ya arobaini nilimuomba Kulwa anielekeze, nikapanda gari la asubuhi mpaka Kasekese, na kutoka hapo bodaboda. Doto ana mji mkubwa, mahindi yamejaa kihengeni, ng'ombe wachache. Alinifahamu kabla sijajitaja. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti na maziwa ya mgando, akaketi kwenye kigoda akasubiri. Niliongea sana, kama kawaida yangu. Nikaomba radhi. Hakusema amesamehe na hakusema hakusamehe. Nikampa daftari, nikamfungulia ukurasa wake.

Alipitisha kidole juu ya zile alama polepole.

"Hii naikumbuka," akasema. "Ya mashine."

"Ni R," nikasema. "Hapo ni ya ruhusa."

"Nani alinipa luhusa?"

"Mwalimu Leokadia. Kila siku, mpaka wenzako walipomaliza."

Akafungua kurasa zote, mpaka ya mwisho. Kisha akaniuliza kwenye daftari langu mimi aliandikwa nini. Ningeweza kumdanganya, maana madaftari yale yalishaliwa na mchwa.

"Hukuandikwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuijua. Akalisukuma daftari kwangu, akaweka kidole kwenye nafasi tupu baada ya R ya mwisho.

"Leo nipo, mwalimu. Andika."

Nikajipapasa mfuko wa shati. Nikajipapasa mifuko ya suruali, na ya koti. Miaka thelathini na minne ya ualimu, na niliyemzika ni yule, na nilikuwa nimekwenda Kasekese bila penseli.

Doto alinitazama ninavyohangaika, akainuka akaingia jikoni. Alirudi na kipande cha mkaa, akakikwangua ncha kwa kisu kama tulivyofundishwa wote wawili, akanipa. Nikaweka tiki. Imekaa upande na imechafua ukurasa, na Doto alikataa niifute.